Kiapo cha polisi hakirithishi nyumba

Soweto na Alexandra, vitongoji vya Johannesburg nchini Afrika Kusini, vimejaa wazee ambao, wakiulizwa nyumba watamwachia nani, hujibu kwa mkato: hii ni nyumba ya familia. Wapo wanaojiona wamejipanga zaidi. Huenda kituo cha polisi wakaapa kwamba siku wakifa nyumba ni ya binti yao, karatasi ikagongwa mhuri na kuhifadhiwa pamoja na hati ya nyumba. Wote wawili, wa familia na wa mhuri, wanajidanganya.

Chimbuko la imani hii linaeleweka. Enzi za ubaguzi wa rangi, Mwafrika wa Soweto alikuwa mpangaji wa serikali, na kibali cha kuishi kilibeba jina la mkuu wa kaya pamoja na majina ya waliokaa naye. Baadaye vibali vikageuzwa umiliki, mara nyingi kwa jina la mtu mmoja. Ndugu waliobaki chini ya paa lile hawakuona kilichobadilika.

Kesi ya Rahube inaonyesha hatari ya imani hiyo. Huko Mabopane, karibu na Pretoria, dada aliishi katika nyumba tangu miaka ya 1970. Hati ilikuwa ya kaka, na sheria ya mwaka 1991 ikampa umiliki kamili bila dada kusikilizwa. Mwaka 2009 kaka akaenda mahakamani kumtoa. Ilipofika Oktoba 2018 ndipo Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba kifungu cha sheria hiyo kiliwabagua wanawake. Miaka tisa ya mawakili, kwa nyumba iliyodhaniwa kuwa ya wote!

Mwenye hati akifa bila wosia, mambo huwa magumu zaidi. Sheria ya mirathi ya mwaka 1987 humtazama kwanza mwenzi na watoto. Shangazi aliyemuuguza marehemu hadi mwisho hapati hata tofali, maadamu marehemu ameacha mtoto. Na kaka mkubwa anayejitangaza mrithi kwa mila alishapitwa na wakati mwaka 2004, Mahakama ya Katiba, katika kesi ya Bhe, ilipofuta upendeleo wa mtoto wa kiume wa kwanza.

Kwingineko ipo njia rahisi zaidi. Kuna majimbo ya Marekani, Missouri likiwa la kwanza mwaka 1989, ambako mwenye nyumba husajili hati inayomtaja atakayeichukua akifa, na nyumba hiyo haipiti mahakama ya mirathi. Afrika Kusini haina kitu hicho. Ahadi ya kurithisha kwa mkataba kwa kawaida haitambuliwi, na kile kiapo cha polisi kinaweza kuokolewa na Mahakama Kuu pekee, ikiridhika kwamba marehemu alikikusudia kiwe wosia. Gharama ya kesi hiyo huweza kumeza akiba ya watoto. Kumhamishia mtoto nyumba mzee angali hai nako kunaweza kuvuta kodi ya zawadi ya asilimia 20, na kumwacha mzee akiishi kwa hisani ya mwanawe.

Kinachobaki ni wosia, nao unataka saini ya mwenye mali na mashahidi wawili wa miaka 14 au zaidi, wote wakiwepo pamoja. Binti anayerithi asiwe shahidi, maana kwa kawaida hupoteza fungu lake. Kila mwaka baadhi ya mawakili hutenga wiki nzima ya kuandika wosia wa kawaida bila malipo. Ndani ya wosia huo mzee anaweza kuandika kwamba nyumba ni ya binti, lakini shangazi ana haki ya kuishi humo hadi kufa kwake, na haki hiyo ikasajiliwa kwenye hati ya nyumba.