HAKI YA ASKARI NI HAKI YETU



Wako miongoni mwetu wasemao kwamba askari polisi hana haki yo yote katika siasa, na kwamba kila avaaye sare ni adui. Hatujasahau Januari 2001, ndugu zetu walipouawa kwa risasi za polisi. Hata hivyo, sisi wa visiwani tulio madukani huku Kibaha na Kisarawe twaona maneno hayo yana khatari. Polisi ni jambo la Muungano. Kijana wa Kisarawe aweza kupelekwa Wete akasimama mbele ya ndugu zetu. Yafaa tujue sheria imempa nini.

Ibara ya 147 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano yamkataza askari kujiunga na chama cho chote cha siasa, lakini yamwachia kura yake. Zamani haikuwa hivyo. Wakati wa chama kimoja askari walikuwa wanachama, na chama kilikuwa na matawi ndani ya majeshi. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, mlango huo ulifungwa. Sheria hubadilika kwa siku moja. Mazoea hayabadiliki hivyo.

Basi kilichobakia kwa askari ni kura, na thamani ya kura ni siri yake. Sheria ya Uchaguzi ya Zanzibar ya 2018 ilileta kura ya mapema: askari na watumishi wa uchaguzi wapige siku moja kabla ya raia. Ilipigwa mara ya kwanza tarehe 27 Oktoba 2020, na siku hiyo hiyo marehemu Maalim Seif Sharif Hamad alikamatwa alipokwenda kituoni kupiga yake. Mwaka 2025 ikarudiwa. Askari apigaye kura safu moja na mkubwa wake, kisha sanduku likalala hadi kesho, ana siri gani? Sisi wenye maduka twajua: mizani haiaminiwi kwa sifa za mwenye duka, huaminiwa kwa mnunuzi kuiona.

Twataka askari wapige kura siku moja na raia, kwa zamu, na mkubwa asimwulize mdogo wake amempa nani. Na sisi tuache kumtukana askari njiani. Kiapo chake ni amana kwa sheria, si kwa chama. Akijua kwamba tumeitetea kura yake, huenda akasita kabla ya kuidhulumu ya kwetu.