Dada Nesi na wewe, sehemu ya 4: Kitanda namba 6

Mama wenzangu, nimetoka zamu ya usiku. Niliwaahidi manjano ya watoto wachanga, inasubiri kidogo. Kuna mdogo wetu kaniandikia inbox: "Dada nesi, uraia nimepata, ila kura ya ubunge siendi. Nina kichanga cha miezi mitatu, siasa za Wamarekani zinanihusu nini?"

Njoo tukae, mdogo wangu.

Sisi tulioko pembezoni mwa Atlanta, Cobb na majirani zake, tuna kitu kinaitwa wilaya ya uchaguzi ya 6. (Naiita wilaya kwa sababu huku jimbo ni Georgia nzima, tusichanganyane.) Wodini kitanda namba 6 kinabaki namba 6, lakini aliyelala jana siye aliyelala leo. Ukimpa wa leo dawa za jana, umeua. Sasa hii wilaya ndivyo ilivyo.

Newt Gingrich aliingia bungeni Januari 1979 kwa namba hiyo hiyo, ila wakati ule wilaya ilikuwa kusini na magharibi ya Atlanta, mpaka kule Carrollton karibu na Alabama. Ikaja sensa ya 1990. Bunge la Georgia lilikuwa mikononi mwa chama cha Democratic, wakachora ramani ya kummaliza. Yeye akafanyaje? Akahamisha vyombo vyake hadi Marietta, akagombea wilaya mpya ya 6, ya upande wa kaskazini. Kura za maoni za chama chake mwaka 1992 akapenya kwa kura 980. Jamani, 980! Hizo ni harusi mbili tatu za watu wetu hapa Cobb. Mwaka 1995 mtu huyo huyo akawa Spika.

Alipoondoka 1999 akaja Johnny Isakson, halafu 2005 Tom Price, daktari wa mifupa. Wote Republican, na watu wakazoea kwamba kitongoji hiki ni mali ya chama kimoja. Hapo napita haraka, maana kulikuwa kumetulia.

2017 ndiyo nataka uisikie vizuri. Februari Price akathibitishwa kuwa Waziri wa Afya, kiti kikabaki wazi. Tarehe 4 Mei Baraza la Wawakilishi likapigia kura muswada wa kufuta sehemu kubwa ya sheria ya bima ya Obama. Muswada ule ungekata fedha za Medicaid, na ungeruhusu majimbo kuomba kulegeza orodha ya huduma ambazo bima lazima izilipie. Uzazi umo kwenye orodha hiyo. Ukapita kwa 217 dhidi ya 213. Na siku hiyo, mama zangu, sisi hatukuwa na mbunge. Kiti kitupu! Ulikuja kukwama Seneti, lakini mimi nilikuwa na wajawazito wodini wananiuliza kama mwakani watajifungua kwa bima ipi, sina jibu.

Uchaguzi mdogo ukafanyika Juni. Karen Handel wa Republican na kijana Jon Ossoff wa Democratic, ambaye hata hakuwa akiishi ndani ya wilaya. Zilimwagwa zaidi ya dola milioni 50, uchaguzi wa kiti cha Baraza uliokuwa ghali kuliko yote mpaka wakati huo. Televisheni ilikuwa haiwashiki, ni matangazo tu. Nilikuwa nawaza zingenunua mashine ngapi za kupimia presha za wajawazito, basi tu. Handel akashinda, mwanamke wa kwanza wa Republican kutoka Georgia kuingia Kongresi.

Mwaka mmoja baadaye akatolewa na mama mwingine. Lucy McBath alikuwa mhudumu wa ndege. Mwanawe Jordan Davis, miaka 17, alipigwa risasi mwaka 2012 kwenye kituo cha mafuta huko Florida, ugomvi wa muziki wa sauti kubwa kwenye gari. Mama yule alimshinda Handel kwa kura zisizofika 4,000 kati ya zaidi ya 317,000. Kwenye wilaya ya Gingrich!

Nini kikafuata? Ramani. Safari hii Republican ndio wenye bunge la Georgia. Mwaka 2021 wakaivuta wilaya ya 6 kaskazini mashambani, McBath akahamia ya 7 na kumshinda mbunge wa chama chake mwenyewe. Ya 6 ikachukuliwa 2022 na Rich McCormick, daktari wa dharura. Oktoba 2023 jaji wa shirikisho akasema ramani inakandamiza kura za Weusi, ikachorwa nyingine, na 2024 McBath akarudi kwenye namba 6. Ila sasa iko magharibi ya jiji. Kuna watu wamebadilishiwa mbunge mara mbili tatu na hawajahamisha hata sufuria.

Mimi hili linaniudhi, na sijali limefanywa na chama gani. Wote wamelifanya. Kwetu Tanzania mipaka inapangwa na tume, na tume tunailalamikia, lakini huku mchezaji ndiye anachora uwanja.

Najua mtasema: kama wanachora wenyewe, kura yangu ya nini? Wanaochora ni wabunge wa Georgia, wale wa majina ya chini kwenye karatasi ambao tunawaruka tukiwahi kumchukua mtoto. Na gavana ndiye anasaini. Hao wote unawachagua wewe.

Halafu nikujibu swali lako la kichanga. Zamani Medicaid ya ujauzito hapa Georgia ilikuwa inakatika siku 60 baada ya kujifungua. Leo ni miezi 12. Mlango huo ulifunguliwa na sheria ya Kongresi ya Machi 2021, iliyopita Baraza kwa 220 dhidi ya 211, McBath akiwa kati ya waliosema ndiyo. Kisha bunge la Georgia, lile lile la Republican, likakubali kuingia. Mimi nimeona presha ya uzazi ikimwangusha mama wiki ya tano. Na unyongovu wa baada ya kujifungua wakati mwingine hauonekani mpaka mwezi wa nne, wa tano. Wewe uko mwezi wa tatu. Kadi yako ya bima bado inafanya kazi.

Kwa hiyo leo fungua ukurasa wa mpiga kura wa Georgia, angalia uko wilaya namba ngapi, usiseme "niko ya 6" kwa mazoea ya jirani. Kura za mapema zina Jumamosi pia. Mimi nikiwa off nakushikia mtoto nje ya kituo, niandikie tu.

Manjano ni Alhamisi. Ila kama macho ya mtoto yameshakuwa ya njano sasa hivi, usinisubiri, mpeleke leo.