Ukuta Usiosema Kiswahili

Ndugu zangu washairi na wapenzi wa lugha, nina ugomvi na kidude cha ukutani, na ugomvi wenyewe unatuhusu sisi kuliko unavyowahusu mafundi. Nakusudia kile kioo cha kugusa ambacho siku hizi hufungwa mahali palipokuwa na swichi, katika kumbi za mikutano, hoteli na nyumba za wenye uwezo. Ukikigusa, taa huwaka, pazia hujifunga, kiyoyozi huanza kupuliza. Kila nilipokiona hapa Dar es Salaam, kilikuwa kinasema Kiingereza kitupu.

Hudaiwa kwamba mtambo huo haujui Kiswahili. Hiyo ni hoja ya wavivu. Kijana mmoja wa mtaani kwetu Keko, ambaye hiyo ndiyo kazi yake, alinionyesha jinsi unavyopangwa. Fundi huketi na kompyuta, akachora kurasa zitakazoonekana kiooni, akaweka vitufe, kisha akakiunganisha kila kitufe na amri iendayo kwenye taa au pazia. Juu ya kitufe kuna nafasi ya maandishi, nayo ni tupu kabisa. Mtambo hausomi kilichoandikwa hapo. Unafuata amri iliyofichwa nyuma yake. Akiandika "Washa" au akiandika jina la bibi yake, taa itawaka vilevile. Na herufi zetu hazina vijialama vya juu wala vya chini vya kuusumbua.

"Mbona basi huandiki Kiswahili?" nikamuuliza.

"Shida sijui niandike nini, Mwalimu," akajibu. "Maneno mengine watu watacheka."

Watacheka nini? Katika ukuta huohuo wa Mtanzania kuna mita iitwayo LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, na sijapata kumwona mtu akiicheka. Simu hutuambia tuweke namba ya siri, nasi twaiweka. Mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baraza la Kiswahili la Taifa tunalo tangu 1967. Tatizo ni kwamba sisi wapenda lugha tumelewa nomino. Tumebishana miaka na miaka kama ni kompyuta au tarakilishi, ilhali kitufe hakitaki nomino nzito. Kinataka kitenzi, na katika vitenzi hakuna wa kututisha.

Tazameni neno "On" lililoandikwa kitufeni. Je, ni amri au ni taarifa? Taa imewaka, au nibonyeze ndipo iwake? Nimewaona wasomi wenye shahada wakibonyeza mara mbili kwa kutojua. Kiswahili hakina utata huo: "Washa" ni amri, "Imewaka" ni hali. Tena tunakwenda mbali zaidi. Taa iliyozimwa ina mkono wa mtu. Taa iliyozimika imejizimikia yenyewe, na fundi aitwe. Tofauti kubwa namna hiyo imebebwa na silabi moja tu ya mnyambuliko! Mhadhiri wangu wa chuo cha ualimu angelikesha akiifundisha.

Wala sisemi kila neno letu lifae. "Funga" peke yake ni mtego, maana fundi akisema amefunga taa, ameziweka darini, hakuzizima. Iandikwe "Funga pazia". Na zile hali ambazo mguso mmoja hupanga taa, pazia na kiyoyozi kwa pamoja, zisiitwe "mandhari" kwa kufuata kamusi kikasuku. Ziitwe kwa shughuli yenyewe: Kikao, Mapumziko, Usafi. Saa nazo ziwe zetu. Taa za nje zikipangwa kuwaka saa kumi na mbili na nusu jioni, bawabu anaelewa bila kupiga hesabu. Hapa kwetu jua halibadili sana saa yake ya kuzama mwaka mzima.

Msiseme haya ni mambo ya matajiri. Katika ukumbi mmoja wa hapa mjini, ambao sitautaja, nilimkuta mama mfanya usafi amebandika karatasi kwa selotepu chini ya kioo hicho. Ameandika kwa kalamu ya wino: TAA ZA MBELE HII. FENI HII. HII USIGUSE. Kabla ya karatasi hiyo, akaniambia, alikuwa akikaripiwa kila taa zilipolala zikiwaka. Yeye ndiye aliyeimaliza kazi ambayo mwenye mtambo alilipia na hakupewa, naye hakulipwa hata senti. Kila Julai 7 tunapanda majukwaani kuiadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, tukitumbuiza mashairi chini ya taa ambazo mama huyo hakuandikiwa jinsi ya kuzizima.

Limebaki neno moja ambalo kijana wangu alikwama nalo kabisa: lile la kupunguza mwanga kidogo kidogo bila kuzima. "Punguza mwanga" ni sahihi, ila ni refu kwa kitufe kidogo. Mimi nimempa "Fifisha". Washairi mmelitumia kwa matumaini na kwa nyota miaka yote. Sasa mwazimeni fundi umeme. Mwenye neno bora zaidi alilete hapa kabla ya mwisho wa mwezi, kwani kijana ana ukumbi wa kukabidhi, na mwenye ukumbi amekubali.