UCHANGANUZI: Shilingi ikishuka, ada ya kukagua meli ifuate?

KUPOROMOKA kwa shilingi mnamo 2023, kutoka takriban Sh123 kwa dola hadi zaidi ya Sh160 kufikia Januari 2024, kulifichua udhaifu wa ada za serikali zisizobadilika. Tuseme meli hukaguliwa kwa Sh12,300: mwanzoni ada hiyo ilikuwa sawa na dola 100, mwaka mmoja baadaye ikawa chini ya dola 77. Mwenye meli anayelipwa kwa dola alipata nafuu asiyoiomba. Idara ya ukaguzi, ambayo vifaa vyake hununuliwa ng'ambo, ikapungukiwa.

Je, dawa ni kutoza kwa dola? Kwa meli za kimataifa, naam. Lakini mwenye mashua wa Lamu hulipwa shilingi tupu. Akitwishwa mzigo huo atakwepa ukaguzi, na watakaohatarika ni abiria wake.

Isitoshe, kuna jambo ambalo watunga kanuni hulisahau kwa urahisi ajabu: kufikia katikati ya 2024 shilingi ilikuwa imerejea karibu Sh129. Ada iliyopandishwa kwa pupa ingeshushwa na nani? Sheria ya 2013 kuhusu kanuni za mawaziri inataka wanaoathiriwa washauriwe kwanza. Hapo ndipo mabaharia wadai kipengele cha kushusha kiandikwe sambamba na cha kupandisha.