Uanagenzi si utumwa: Waandishi chipukizi wa michezo walipwe

Kila mwaka vijana kadha wanaohitimu katika idara za Kiswahili na mawasiliano huamua kwamba riziki yao itatokana na uandishi wa michezo. Wanaijua kandanda, wanaimudu lugha, na wako tayari kuloa mvua uwanjani. Wanapobisha milango ya vyombo vya habari huambiwa jibu lile lile: andika kwanza bila malipo, jina lako lionekane, mengine yatafuata. Yafaa tuulize bila kumumunya maneno: je, ni haki kumtumikisha mtu kwa ahadi ya kuonekana?

Wanaotetea desturi hii wana hoja ambayo hatupaswi kuipuuza. Husema mtaka cha mvunguni sharti ainame; uandishi ni ufundi, na ufundi hufunzwa kwa kutenda. Hilo nakubali. Kiswahili chenyewe kina neno la kumtaja mtu wa aina hiyo, nalo ni mwanagenzi. Lakini mwanagenzi ni mtu aliye chini ya fundi. Seremala anayempokea kijana humfunza kushika randa na humsahihisha anapokosea. Kijana hutoa nguvu zake, fundi naye hutoa ujuzi wake. Anayepeleka makala kumi, yote yakachapishwa pasi na mhariri kumwambia ni aya ipi iliyopwaya, si mwanagenzi wa mtu yeyote. Huyo ni mfanyakazi asiyelipwa.

Neno jingine linalotumiwa vibaya ni kujitolea. Kiambishi -ji- katika kitenzi hiki huonyesha kwamba mtenda na mtendwa ni mtu mmoja. Anayewafunza watoto wa mtaani kwake kabumbu kila Jumamosi, kwa hiari yake, anajitolea. Kijana aliyewekewa sharti la kufanya kazi bure ndipo afikiriwe kuajiriwa hajajitolea, ametolewa.

Ughaibuni kuna funzo. Nchini Marekani, tovuti ya michezo ya Bleacher Report ilikua kwa makala ya mashabiki wengi ambao hawakulipwa; mwaka 2012 ikanunuliwa na kampuni ya Turner. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kampuni ya AOL ililinunua gazeti la mtandaoni la Huffington Post, lililokuwa na maelfu ya waandishi wa bure, kwa dola milioni 315. Baadhi ya waandishi hao walikwenda mahakamani kudai fungu lao. Kesi ikatupiliwa mbali mwaka 2012, kwa kuwa walijua tangu mwanzo kwamba hawangelipwa. Anayetaka ujira sharti aupatane kabla ya kushika kalamu.

Hapa Kenya madhara ni makubwa zaidi. Kwanza, kazi ya bure huifanya taaluma kuwa mali ya wenye nacho. Kijana wa Kakamega au Iten, aliyekulia miongoni mwa wachezaji na wanariadha na kuyajua maisha yao, hana mzazi wa kumlipia nyumba na nauli jijini kwa mwaka mzima. Yeye huacha, na sisi wasomaji hupoteza jicho lake.

Pili, mwandishi asiyelipwa na mhariri wake hulipwa na mtu mwingine. Huwapo afisa wa klabu mwenye bahasha, naye hatoi sadaka. Michezo yetu imejaa mambo yanayohitaji mwandishi asiyenunulika. Mwaka 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wa Kenya kwa kupanga matokeo. Sakata ya fedha na sare za timu yetu ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 ilifika mahakamani. Ni nani atakayeyafichua hayo ilhali nauli ya kurudi nyumbani ameipewa na mshukiwa?

Aidha, tusidhani kazi hii ni ya kupitisha wakati. Kuotea, mkwaju wa penalti, mlinda lango na sare tasa ni msamiati uliokomazwa na watangazaji na waandishi wa michezo, siku baada ya siku, wakikimbizana na saa. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, hakuifanya kazi hiyo kwa ahadi ya kuonekana. Alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara.

Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki. Hivyo basi, vyombo vya habari na viweke muda maalumu wa mafunzo, ulioandikwa, chini ya mhariri anayejulikana, na nauli itolewe. Muda huo ukiisha, kila makala inayochapishwa ilipiwe. Kijana naye aandikie jarida la chuo au klabu ya mtaani kwao apate mazoezi. Lakini asimpe bure mtu atakayeuza.

Mwaka 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa uenyeji wa Kombe la Afrika la 2027. Mashindano kama hayo huuza magazeti na matangazo. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hawakusema mmoja achumie juani, mwingine alie kivulini.