Sindano za kurudisha ujana wa ngozi: Bei ya kichupa si bei ya tiba

Sindano za kupunguza makunyanzi na kuipa ngozi sura ya ujana zimekwisha kutoka katika kurasa za mitindo na kuingia katika vitabu vya hesabu vya waagizaji. Kliniki zinazotoa huduma hiyo zipo Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na bidhaa zinazotumika karibu zote hutoka nje ya Afrika Mashariki. Botox hutengenezwa Westport, Ireland. Restylane asili yake ni Uppsala, Sweden. Katika miaka ya karibuni viwanda vya Korea Kusini navyo vimeingia sokoni kwa nguvu.

Kwa mfanyabiashara, swali la kwanza huwa ni ipi yenye bei nafuu. Swali hilo halitoshi. Bidhaa hizi hazifanyi kazi moja, hazidumu muda mmoja, hazihifadhiwi kwa namna moja, na zikifika forodhani hazipiti mlango mmoja. Anayezilinganisha kwa bei ya kichupa peke yake analinganisha mchele na chumvi.

Kundi la kwanza ni sumu ya botulinamu, itokanayo na bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Ikidungwa kwa kipimo kidogo hulegeza msuli, na mikunjo inayotokana na kukunja uso hupungua. Mwaka 2002 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliidhinisha Botox kwa mikunjo iliyo kati ya nyusi. Matokeo hudumu takriban miezi mitatu hadi minne. Washindani wake ni Dysport ya kampuni ya Ipsen ya Ufaransa, Xeomin ya Merz ya Ujerumani, na bidhaa za Daewoong na Hugel za Korea Kusini, zilizopata idhini ya Marekani mwaka 2019 na 2024.

Hapa pana mtego wa bei. Nguvu ya dawa hii hupimwa kwa uniti, lakini uniti ya kampuni moja si sawa na ya nyingine. Kichupa cha Dysport chenye uniti 300 hakina maana kwamba ni mara tatu ya kichupa cha Botox chenye uniti 100. Muuzaji anayetangaza "uniti nyingi kwa bei ndogo" huenda hasemi uongo, lakini hajasema lolote la maana.

Kundi la pili ni vijazio vya asidi ya hyaluroniki, ambavyo wengi huviita fila. Asidi hii ipo mwilini kwa asili na hushika maji. Kijazio hujaza mashimo ya mashavu, mistari ya pembeni mwa mdomo na midomo yenyewe, na hudumu kati ya miezi 6 na 18 kutegemea aina na mahali kilipodungwa. FDA iliidhinisha Restylane mwaka 2003 na Juvéderm mwaka 2006. Faida yake kubwa ni kwamba mambo yakiharibika, daktari anaweza kukiyeyusha kwa kimeng'enya cha hyaluronidesi. Hatari yake kubwa ni kijazio kuingia katika mshipa wa damu. Hilo likitokea ngozi inaweza kufa, na katika matukio machache mgonjwa hupoteza uwezo wa kuona.

Kundi la tatu huchochea mwili kutengeneza kolajeni yake wenyewe. Sculptra, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa watu wenye VVU waliopoteza mafuta ya uso, iliruhusiwa kwa matumizi ya urembo mwaka 2009. Radiesse iliidhinishwa mwaka 2006. Matokeo ya Sculptra huja polepole na yanaweza kufikia miaka miwili. Hata hivyo, hyaluronidesi haiyeyushi bidhaa yoyote kati ya hizi mbili. Kosa la mdungaji hukaa na mteja.

Kundi la nne hulenga ubora wa ngozi zaidi ya umbo la uso. Humo imo Profhilo ya kampuni ya IBSA, ambayo kwa kawaida hudungwa mara mbili kwa nafasi ya mwezi mmoja, na Rejuran ya Korea Kusini, yenye polinukleotidi kutoka kwa samaki aina ya salmoni. Utafiti juu ya polinukleotidi bado ni mchanga ukilinganishwa na ule wa makundi mawili ya mwanzo.

La tano ni plazima yenye chembe sahani nyingi, ijulikanayo kama PRP. Mteja hutolewa damu yake, ikazungushwa katika mashine, kisha plazima ikarudishwa katika ngozi yake. Hakuna dawa ya kuagiza ng'ambo isipokuwa mashine na mirija. Lakini unafuu huo una sharti la usafi. Mwaka 2024 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kilitoa ripoti kuhusu wateja walioambukizwa VVU katika saluni moja ya New Mexico iliyofungwa mwaka 2018. Saluni hiyo ilikuwa ikitoa huduma hii bila leseni.

Kwa hesabu ya mwaka mzima picha hubadilika. Chukulia mfano tu: dozi ya botulinamu inagharimu 100 na kijazio kinagharimu 250. Botulinamu inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne itafika 300 hadi 400 kwa mwaka, wakati kijazio kinachodumu mwaka kitabaki 250. Kilichoonekana ghali kimekuwa nafuu. Lakini hata hesabu hiyo haiwezi kumfanya mteja achague kimoja badala ya kingine, kwa kuwa kimoja hulegeza msuli na kingine hujaza pengo. Kwa lugha ya uchumi, mara nyingi ni bidhaa zinazokwenda pamoja, si mbadala.

Gharama isiyoandikwa katika ankara ni ya ubaridi. Botox hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi kabla ya kufunguliwa. Xeomin inaweza kuhifadhiwa katika joto la kawaida la chumba lisilozidi nyuzi 25. Vijazio vingi vya hyaluroniki huvumilia hadi 25, na Sculptra hadi 30. Basi linalotoka Nairobi kwenda Arusha mchana halina jokofu, na buti ya gari iliyoegeshwa juani hupita vipimo vyote hivyo bila shida. Kichupa kilichopikwa njiani hakibadiliki rangi. Mteja hulipa, hudungwa, na huenda asione matokeo.

Forodhani mambo huzidi kuwa magumu. Katika mfumo wa kimataifa wa uainishaji wa bidhaa, sumu ya botulinamu imo katika kifungu 30.02, pamoja na chanjo. Maelezo rasmi ya mfumo huo huziweka jeli za kudunga chini ya ngozi kwa ajili ya makunyanzi, zikiwamo za hyaluroniki, katika kifungu 33.04, pamoja na vipodozi. Tofauti hiyo ina fedha ndani yake, kwani katika Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki dawa nyingi za binadamu hazitozwi ushuru, ilhali vipodozi hutozwa. Lakini kuitwa kipodozi forodhani hakumaanishi kwamba mamlaka ya afya imeona ni kipodozi. Umoja wa Ulaya na Marekani husimamia vijazio chini ya sheria za vifaa tiba.

Kwa upande wa Tanzania, mgawanyo wa kazi ulibadilika mwaka 2019. Iliyokuwa TFDA ikawa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na usimamizi wa chakula na vipodozi ukahamia Shirika la Viwango (TBS). Kenya ina Bodi ya Famasi na Sumu, Uganda ina Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Mpango wa kuoanisha usajili wa dawa katika Jumuiya ulizinduliwa Arusha mwaka 2012, lakini usajili wa nchi moja bado haugeuki kuwa ruhusa ya kuuza katika nchi ya pili.

Wafanyabiashara wadogo waliozoea kuvuka Namanga na nafaka au mboga huteleza hapa. Cheti rahisi cha uasili, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zenye asili ya Jumuiya. Kichupa cha Ireland au Korea hakipati asili ya Kenya kwa kulala usiku mmoja katika duka la Nairobi. Kikipita ndani ya begi bila kibali, hakuna tena anayeweza kuthibitisha kilikotoka wala joto kilichopitia.

Madhara ya hali hiyo yameonekana hata penye usimamizi mkali. Aprili 2024 mamlaka za Marekani ziliripoti watu 22 katika majimbo 11 waliopata madhara baada ya kudungwa Botox bandia au na watu wasio na leseni, na 11 kati yao walilazwa hospitali.

Pembeni mwa makundi yote haya ipo sindano ya glutathioni, inayouzwa kwa ahadi ya ngozi nyeupe. Hiyo haipaswi kuwekwa katika mizani hii. Marekani haijaidhinisha sindano yoyote ya kung'arisha ngozi, na mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Ufilipino ilitoa tahadhari juu ya matumizi hayo.

Kwa mwagizaji, faida ya kudumu haiko katika kupata kichupa cha bei ya chini kuliko jirani. Iko katika usajili, namba ya toleo inayoweza kufuatiliwa hadi kiwandani, kumbukumbu ya joto la safari, na kuuza kijazio cha hyaluroniki kwa daktari mwenye hyaluronidesi kabatini. Hayo yote huongeza bei. Yakiondolewa gharama haipotei. Huhama kutoka kwa muuzaji na kwenda usoni kwa mteja.