Wahukumuo Gitaa kwa Macho

Katika kila mji wako watu ambao hawajapata kushika gitaa hata siku moja, wala hawajui uzi wa kwanza ni upi na wa sita ni upi, lakini maoni yao juu ya wapigaji wa gitaa ni mengi kuliko nyuzi zenyewe. Ukiwaambia kwamba unajifunza chombo hicho, watakuuliza utakula nini. Ukiwaambia kwamba unapenda ule muziki mzito uitwao metali, basi hawaulizi tena. Hutikisa vichwa, na mmoja wao huanza kumhurumia mama yako. Nimechoshwa na maoni haya, wala sina nia ya kuyazungukazunguka. Upuuzi mwingi humdhuru yule ausemaye peke yake, lakini upuuzi wa namna hii umepata kumfikisha kijana chini ya hukumu ya kifo, kama utakavyoona, ndugu msomaji, ukivumilia kidogo.

Tuanze na neno lile lirudiwalo sana: kelele. Husemwa kwamba metali si muziki bali ni kelele, na kwamba mtu yeyote mwenye gitaa la umeme na majirani wapole aweza kuifanya. Walakini waulize wasemao hivyo, muziki huo ulitoka wapi? Hawajui. Ulitoka Birmingham, mji wa viwanda nchini Uingereza. Mwaka 1965 kijana mmoja wa mji huo, Tony Iommi, mwenye umri wa miaka 17, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mabati. Siku aliyokusudia iwe ya mwisho kazini, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Yaani vidole hivyo ndivyo alivyovitumia kubana nyuzi. Aliambiwa aliage gitaa. Msimamizi wake wa kazi akampelekea santuri ya Django Reinhardt, mpigaji aliyeungua motoni mwaka 1928, mkono wake wa kubania nyuzi ukabaki na vidole viwili tu vyenye nguvu, hata hivyo akawa miongoni mwa wapigaji wakubwa kabisa wa Ulaya. Kijana yule akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akafinyanga vikofia viwili vya vidole, akavivika ngozi. Nyuzi za kawaida zilimshinda kwa ugumu; akatafuta nyembamba. Baadaye akazilegeza ili zibanike kwa urahisi, nazo zilipolegea sauti yao ikashuka, ikawa nzito kama ngurumo ya mbali. Sauti hiyo yasikika wazi katika santuri ya tatu ya kundi lake, Black Sabbath, iliyotoka mwaka 1971. Basi uzito ule uwatishao wazee wetu ulianza kwa jeraha la mfanyakazi wa kiwandani.

Na huo mkwaruzo wa sauti, ambao wengi hudhani ni ubovu wa mitambo, nao una kanuni yake. Kipaza sauti kikilazimishwa kutoa zaidi ya uwezo wake, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, na katika kukatwa huko huzaliwa sauti nyingine ndogondogo juu ya ile ya asili. Mpigaji akibana nota nne au tano kwa pamoja, kama afanyavyo mtu aongozaye nyimbo kwa gitaa la kawaida, sauti hizo ndogo hugombana, na kinachotoka ni uji usio na ladha. Kwa sababu hiyo apigaye metali hubana nota mbili aghalabu: ile ya msingi na ya tano yake, ambazo hupatana hata katika mkwaruzo. Kisha huuweka ukingo wa kiganja chake juu ya nyuzi, karibu na mahali zinapofungwa mwilini mwa gitaa, ili kila pigo litoke fupi na kavu. Kiganja kikisogea mbele kidogo, uzi hufa. Kikirudi nyuma, hulia ovyo. Jambo hili lafanywa mara nyingi kwa dakika moja, sawasawa na ngoma, bila kuteleza. Anayesema kwamba kila mtu aweza, na aazime gitaa ajaribu mbele yetu.

Lakini haki itendeke pande zote. Wapo wapigaji wenyewe wenye maoni ya kuudhi kuliko hayo, nao ni wale waaminio kwamba ufundi ni mbio. Kwao mpigaji bora ni yule ambaye vidole vyake havionekani kwa kasi, na wimbo ni uwanja wa riadha. Sina maneno mengi kwao. Wimbo ambao watu wengi huuhesabu kuwa mwanzo wa metali, uitwao kwa jina la kundi lenyewe, Black Sabbath, na ambao ulitoka mwaka 1970, huenda polepole kama mwendo wa mazishi, na pigo lake kuu lina nota tatu tu.

Yako na maoni ya tatu, nayo huvaa joho la uzalendo. Husemwa kwamba muziki huo si wetu sisi Waafrika. Ni wa wazungu, na kijana mweusi aupendaye ameipoteza asili yake. Ajabu ya maneno haya ni kwamba husemwa na mtu ambaye redio yake yatoa rumba, na rumba hiyo inachezwa kwa magitaa ya umeme! Gitaa lenyewe lilikuja kwa meli. Lilipofika, watu wetu hawakuuliza pasi yake ya kusafiria; walilishika wakalifundisha kusema lugha zao. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi kule Katanga Jean-Bosco Mwenda, kijana ambaye kidole gumba chake kilipiga sauti za chini huku kidole cha pili kikiimba juu, hata asiyemwona angeweza kudhani ni watu wawili. Magharibi ya Kenya, George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alisifika kwa mtindo wa omutibo, ambao mdundo wake hushikwa na mtu agongaye chupa ya soda. Na hao nao walipata kuambiwa maneno. Kwa muda mrefu katika nyumba nyingi mpiga gitaa alihesabiwa kuwa ndugu wa mlevi, na baba alisita kumpa binti yake. Leo gitaa hilo hilo limewekwa mbele ya madhabahu kila Jumapili, na waliolilaani wanapiga makofi. Hawakuomba radhi. Waliihamisha laana tu, wakaipeleka kwenye gitaa jingine.

Wala metali haikungoja ruhusa yao. Kule Botswana wako wapenzi wa muziki huo ambao huvaa ngozi nyeusi na kofia za wachunga ng'ombe, na makundi yao, kama Wrust na Skinflint, yamejulikana nje ya mipaka yao. Nairobi wametokea vijana wawili waliojiita Duma. Mwaka 2020 kampuni ya Kampala ilitoa santuri yao, yenye ukali wa kumfanya Iommi mwenyewe ageuke atazame. Mtu aweza kuichukia. Hiyo ni haki ya masikio yake. Lakini kusema si ya Waafrika, na waliotunga ni Wakenya na waliotoa ni wa Uganda, ni kukataa kuona.

Sasa nafika kwenye maoni mabaya kupita yote, kwamba muziki huu ni ibada ya shetani. Ushahidi wake ni upi? Kwanza husemwa kwamba gitaa la umeme lenye mkwaruzo haliwezi kumtukuza Mungu. Wasemao hivyo hawajapata kumsikia Rosetta Tharpe, mama wa Kimarekani aliyezaliwa mwaka 1915, aliyekulia kanisani, na ambaye alipiga gitaa la umeme kwa nguvu na mkwaruzo huku akiimba nyimbo za dini, miaka mingi kabla Iommi hajaingia kiwandani. Pili husemwa kwamba zile nota tatu nilizozitaja zina umbali kati yao uliopigwa marufuku na Kanisa zamani, kwa kuwa ulimwita shetani. Hekaya hii hupendwa hata na wapenzi wa metali wenyewe, maana huwapa sifa. Amri ya namna hiyo haijulikani. Walimu wa zamani waliwaonya wanafunzi wao juu ya umbali huo kwa kuwa ni mgumu kuimbika na hukwaruza sikio, na jina la shetani laonekana katika vitabu vya muziki vya karne ya 18, kama mwalimu amwitavyo mtoto mtundu.

Sikatai kwamba wako wanamuziki waliochora mashetani juu ya santuri zao ili ziuzwe. Na wako waliofanya maovu ya kweli: nchini Norway, kuanzia mwaka 1992, makanisa kadhaa yalichomwa moto, na mpigaji mmoja, Varg Vikernes, alihukumiwa mwaka 1994 kwa kuua na kwa kuchoma. Alistahili hukumu hiyo kwa aliyoyatenda. Tofauti ipo hapa: yeye alihukumiwa kwa matendo. Tazama sasa waliohukumiwa kwa sura.

Mwezi wa Mei 1993, katika mji wa West Memphis, jimbo la Arkansas, Marekani, watoto watatu wa miaka minane waliuawa. Mji ulijawa na huzuni na hasira, na hasira ilitafuta mtu. Walikamatwa vijana watatu: Damien Echols wa miaka 18, Jessie Misskelley wa miaka 17, na Jason Baldwin wa miaka 16. Misskelley alihojiwa kwa saa nyingi, akakiri mambo ambayo mengine hayakulingana na tukio lenyewe, kisha akayakana. Hapakuwa na alama ya damu wala kitu cha mwilini kilichowaunganisha na mauaji. Lakini Echols alivaa nguo nyeusi, alisoma vitabu vya uchawi, na alipenda Metallica. Na mambo hayo yakatajwa mbele ya baraza la mahakama kana kwamba ni kisu chenye damu. Mwaka 1994 Echols alihukumiwa kifo, na wenziwe kifungo cha maisha. Walikaa gerezani miaka 18. Mwezi wa Agosti 2011 waliachiliwa kwa mapatano ya kisheria ya ajabu: ilibidi wakubali hatia mbele ya sheria huku wakitamka kwamba hawakutenda. Aliyeingia na miaka 16 alitoka na miaka 34.

Usidhani ni mambo ya ng'ambo. Mwezi wa Januari 1997 polisi wa Misri waliwakamata vijana wapatao mia moja, wapenzi wa metali, kwa shutuma ya kumwabudu shetani. Wakaachiliwa baadaye kwa kuwa hapakuwa na la kuwashtakia. Nasi Kenya tulikuwa na tume ya rais iliyoundwa mwaka 1994 kuchunguza ibada ya shetani, na tangu hapo mara ngapi tumesikia mwanafunzi mpole, apendaye kukaa peke yake na mwenye picha ya fuvu juu ya daftari, akinyoshewa kidole bwenini? Pengine yuko mmoja katika darasa lako. Kabla hujampelekea jina hilo kwa mwalimu wa zamu, kaa naye jioni moja umwombe akusikilizishe wimbo ule wa mwaka 1970. Utasikia mvua, na radi, na kengele ya kanisa ikilia mbali. Kisha gitaa la mtu aliyekatwa vidole litaingia. Atakayekuambia kwamba hiyo ni kelele, mwulize ni nota ngapi.